Mwenye Matope Hashiki Kitabu

3 Februari

Kwa mke wangu mkubwa, Bibi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mguu umepunguza ukorofi wake na cherehani haijaanza tena kuruka nyuzi. Mimi sijambo, ila mgongo tu, maana kazi yangu ni ya kuinama kutwa. Msalimie mama. Mwambie sweta limefika na linanitosha, isipokuwa mikono, ambayo naona ilifumwa kwa ajili ya mtu mwingine mfupi.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unazozijua. Simu ya nyumbani anaishika mama, anaiweka sauti kubwa, na kabla sijamaliza sentensi moja ameshajibu yeye kwa niaba yako. Mambo ya mtu na mkewe hayazungumzwi hivyo.

Jambo lenyewe ni hili: nimeomba cheti cha utaalamu. Unakumbuka nilivyokueleza kazi yangu, nawe ukasema nimesoma miaka yote ili nikapime matope. Ndiyo hiyo hiyo. Kuna ardhi kavu, na kuna ardhi inayoshika maji chini yake hata kama juu unaona majani tu na unaweza kupita na viatu vya harusi. Kabla mtu hajajenga, lazima aje mtaalamu aseme mpaka uko wapi: huku ni nchi kavu, kuanzia hapa ni ardhioevu, usiguse. Huyo anatazama mimea, anatafuta dalili za maji, anachimba na kusoma rangi ya udongo. Kisha anachomeka vibendera kufuata mpaka na mstari unachorwa kwenye ramani. Huyo ndiye mimi. Lakini mpaka leo mimi nachora tu, anayetia sahihi ni bosi. Nikipata cheti nitatia yangu.

Baraza la wapimaji limeshapokea maombi. Wadhamini wameandika barua za kunisifia mpaka nikaona haya, na mtihani wa kuandika nimeupita. Umebaki wa shambani, mwezi wa tatu, mmoja mmoja, kila mtu na kipande chake cha bonde. Mwenzangu wa kazini, yule mtaalamu wa mimea niliyekutajia, alipata cheti chake mwaka jana na anasema ni mteremko tu. Niombee hivyo hivyo, maana wengine mteremkoni ndiko huvunjika miguu.

Mumeo mdogo


20 Februari

Mume wangu,

Marahaba. Barua nimeipata juzi. Mama yako alitaka kuifungua nikamwambia ya ndoa haifunguliwi. Mguu uko pale pale, unanitii asubuhi na kunigomea jioni. Cherehani ni nzima kuliko mimi. Nimepewa kushona sare za shule nzima, na kola peke yake zinanitoa machozi. Kuhusu mikono ya sweta, mama yako anasema alipokuona mara ya mwisho ulikuwa na mikono ya kiasi hicho, na kama imerefuka njoo nyumbani upimwe.

Nimefurahi kwa habari ya cheti. Mtu akichora na mwingine akatia sahihi, mwenye sahihi ndiye huitwa aliyefanya. Kwa hiyo kazana, uitwe na wewe.

Nina maswali mawili. La kwanza ni huyo wa majani. Kila barua lazima umtaje, na ukimtaja mwandiko wako unakuwa mzuri ghafla. Mimi ni mke mkubwa, nina haki ya kuulizwa kabla mambo hayajaiva.

La pili ni huo mtihani wa mmoja mmoja. Hakuna ruhusa ya mtu kukaa karibu nawe mkasaidiana kutazama? Macho mawili ni mazuri, lakini manne ni mazuri zaidi. Waulize tu. Usiseme bibi ndiye aliyetaka kujua.

Vaa sweta hata kama mikono ni mifupi.

Bibi yako


2 Aprili

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo ya mama pia, na salamu kwa dada na watoto wake, kwa jirani wa mbele, kwa fundi viatu wa kona, na kwa paka kama bado yuko. Huku hatujambo. Mvua imenyesha sana. Tumehamia ofisi ya ghorofa ya juu, ina dirisha kubwa, na birika la chai linachemka haraka kuliko lile la zamani. Nilipata mafua yakapona.

Mtihani tulifanya. Majibu rasmi hayajatoka. Hakuna la kusimulia.

Juzi nilikumbuka kitu nikacheka peke yangu. Nilipokuwa mdogo ulikuwa ukinituma dukani kununua uzi, nami nikirudi unautazama, unanitazama, unauweka kwenye droo bila neno. Halafu siku moja ukaacha kunituma. Ukawa unamtuma dada, na mimi ukanipa kazi ya kupanga vifungo kwa ukubwa. Kwa nini uliacha? Nauliza tu, sina sababu.

Mjukuu wako


15 Aprili

Mume wangu,

Marahaba. Umenisalimia mpaka paka. Mtu akizidisha salamu ana jambo amelikalia, na wewe tangu utotoni ukivunja kikombe unaanza kwa kuuliza hali ya mgonjwa. Birika la chai la ofisini linanihusu nini mimi?

Vifungo nilikupa kwa sababu ulikuwa unavipanga vizuri. Basi.

Niambie kilichotokea bondeni. Mficha uchi hazai, na mimi nataka vitukuu.

Bibi yako


28 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Leo nimefupisha salamu, umenikomesha.

Nimefeli. Nilijua siku ile ile, kabla hata ya karatasi ya Baraza. Msimamizi wa mtihani ni mama mmoja mtu mzima anayevaa buti za mpira hadi mapajani, watu wa kazi yetu wote wanamwita Mama Buti. Alinikabidhi kipande cha bonde, fungu la vibendera, keekee ya kutobolea ardhi na kitabu cha rangi. Kitabu hicho kina vipande vidogo vya rangi kila ukurasa. Unachukua donge la udongo, unalilinganisha, unaandika. Udongo uliokaa majini huwa wa kijivu, na ndani yake huwa na madoa ya kutu. Ukiyaona madoa, umefika kwenye mpaka.

Utaniuliza imekuwaje nimefanya kazi hii miaka yote bila kujijua. Ni kwa sababu ya kanuni yetu ya kwanza: mwenye matope hashiki kitabu. Alama moja ya kidole ikigusa rangi, kitabu kimeharibika na kila atakayekitumia baadaye atasoma uongo. Kwa hiyo mmoja anachimba, mwingine mwenye mikono safi anasoma. Mimi nina nguvu, basi siku zote nilichimba. Mtaalamu wa mimea alisoma. Nilijisifu kwamba sijawahi kuchafua kitabu, kumbe sijawahi kukifungua.

Siku ya mtihani nikanawa mikono, nikafungua, nikaona kurasa nzima zinafanana. Nikadhani ni woga. Nikaandika nilichodhani, nikachomeka vibendera vyangu, nikamaliza wa kwanza. Mama Buti akasema turudi kwenye mstari, nimweleze kila kibendera nimekiweka pale kwa nini. Kazini huwa natumia vya buluu, napenda tu buluu. Hivi vilikuwa vyekundu, kwenye majani mabichi. Bibi, sikuviona. Nilivichomeka kwa mikono yangu mwenyewe na sikuviona. Nilikuwa nazunguka pale nikijifanya natafakari, mpaka akaniambia taratibu, "Kijana, bendera yako umeikanyaga."

Kisha akashika donge la udongo akaniuliza naona nini. Nikasema kahawia. Akauliza madoa siyaoni? Nikasema hayapo. Hakunigombeza. Akaniambia niende kwa daktari wa macho kabla sijarudi kwake.

Nimeenda. Daktari alinionyesha kurasa zenye vidoti vya rangi, akasema watu wengine humo wanasoma namba. Mimi nilisoma vidoti. Nyekundu na kijani kwangu ni ndugu, kutu na kahawia ni mapacha. Akasema si ugonjwa, nimezaliwa nao na nitakufa nao. Akaniambia pia kwamba mtoto wa kiume huurithi kwa mama yake, na kwamba mara nyingi mama mwenyewe anaona vizuri, ila ameubeba kutoka kwa baba yake.

Niliporudi chumbani nilikaa kitandani na buti zangu nikalia. Kazi hii naipenda, Bibi. Sijui nyingine.

Baba yake mama ni babu. Na wewe uliacha kunituma uzi. Ulijua?

Mjukuu wako


30 Juni

Mume wangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu, nisamehe. Sare za shule zimenilia mchana wote, mama yako alipata kikohozi, bati la jikoni likang'oka upepo ulipovuma, na fundi akaja akaling'oa lililobaki ili alipige vizuri, na hajarudi. Tunapika tukitazama mawingu. Dada yako anakusalimu, mtoto wake mkubwa ameanza kusoma na anatusomea kila kibao njiani.

Nimesikitika kwa habari yako. Nimeisoma nikaiweka, nikaisoma tena. Usilie na buti kitandani, utachafua shuka.

Kuhusu babu yako, aliyelala tumwache alale. Alikuwa fundi rangi, na mji mzima unajua alivyopaka nyumba za watu zikapendeza. Asiyeona rangi atakuwaje fundi rangi? Jijibu mwenyewe. Wala habari za daktari usimwambie mama yako.

Lakini kufeli si kufa. Utarudia huo mtihani. Mwombe huyo wa majani awe mahali karibu, awe anachuma majani yake, nani atamkataza? Akohoe. Mara moja ni kahawia, mara mbili ni kijivu, mara mbili na kupenga kamasi ni kijivu chenye madoa. Asikohoe mara tatu, mara tatu watu hugeuka kutazama. Nawe usijibu hapo hapo, jikune kichwa kwanza ili waone umefikiri. Ukishapata cheti, kazini mtakuwa pamoja na hakuna atakayejua. Watu wameishi hivyo maisha yao yote wakaheshimika.

Bibi yako


16 Julai

Bibi yangu,

Shikamoo. Poleni kwa bati. Mwambieni fundi kwamba mjukuu wa nyumba hiyo anakuja na keekee.

Barua yako nimemsomea mtaalamu wa mimea, sehemu ya kukohoa tu. Alicheka mpaka akakohoa kweli, nikamwambia hiyo ni mara tatu, watu watageuka. Anasema anakuheshimu sana na angependa kukuona. Pia anasema mpango kama huo hautungwi kwa siku moja, una harufu ya kutumika.

Sitakuuliza tena habari za babu. Wewe uliniambia mficha uchi hazai, nami nakurudishia methali yako kwa heshima zote, kisha nanyamaza.

Lakini kukohoa siwezi. Usinikasirikie, nisikilize. Nikikosea mstari nikaupeleka juu sana, kuna mtu ataambiwa shamba la wazazi wake haligusiki, na halina tone la maji. Nikiuteremsha chini sana, mtu atajenga, atahamia na watoto, na sakafu itaanza kupasuka msimu wa mvua wa pili. Sahihi yangu maana yake ni kwamba nimeona. Sitaki kuweka sahihi kwa kitu nilichokoholewa.

Kwa hiyo nimewaandikia Baraza. Nimewaambia ninavyoona na nisivyoona, nimeambatisha karatasi ya daktari, nikauliza kama mtu wa namna hii anaweza kupewa cheti na kwa masharti gani. Bosi nilimwambia kwanza. Hakukasirika, ila amenitoa shambani hadi Baraza lijibu. Sasa nakaa kwenye lile dirisha kubwa nachora mistari ya wengine. Buti zangu zimekauka nyuma ya mlango.

Wanaweza kunifutia hata ule mtihani nilioupita. Wakisema hapana, ndiyo mwisho wangu katika kazi hii. Naogopa, Bibi. Nakuambia wewe kwa sababu mama nikimwambia hatalala.

Mumeo


9 Agosti

Mume wangu,

Marahaba. Leo mama yako ameenda kumwona dada yako, nyumba iko kimya, nimefunga cherehani nikakaa kukuandikia.

Babu yako hakuona nyekundu wala kijani. Tumeshalisema, sasa tuendelee.

Nilimgundua tukiwa wachumba. Aliniletea kitambaa cha gauni, akasema nimekuletea kijani kibichi unachokipenda. Kilikuwa chekundu cha kupiga kelele. Nilishona, nikavaa, nikamwambia asante kwa kijani. Baadaye akaniambia mwenyewe, tukiwa tumeoana, usiku wa kwanza aliporudi na aibu ya kazi. Alikuwa amepaka mlango wa mteja rangi ya mlango wa jirani. Alisema atatafuta kazi ya kubeba mizigo. Nikamwambia hakuna fundi mwenye mkono mtulivu kuliko wake, ukuta akiupaka huoni mpito wa brashi, na macho nitamwazima mimi.

Basi nikawa nafunga uzi kwenye mshikio wa kila ndoo ya rangi. Fundo moja nyeupe, mawili manjano, na kuendelea, tulikuwa na mafundo ya kila namna. Yeye alikuwa anapapasa mshikio kabla ya kufungua. Watu wakadhani ni dua yake. Mteja akimuuliza rangi gani itafaa, alisema, "Nipe siku mbili niitazame nyumba." Halafu mimi natoka na kikapu, napita mbele ya nyumba hiyo, naangalia jua linaipiga wapi, jirani kapaka nini, mti gani unatoa kivuli. Nikirudi namwambia. Mji mzima ukasema yule fundi hana haraka, ana jicho. Nami nilisikia sifa hizo sokoni nikashika kikapu changu nikaenda zangu.

Unadhani niliumia? Kidogo, ndiyo. Sikuwahi kumwambia. Lakini nilipita barabarani nikiona rangi zangu kila upande na hakuna aliyejua, na hiyo nayo ina raha yake. Tulikuwa tunacheka sana usiku. Hilo ndilo ninalolikosa kwa babu yako, mume wangu, si kitu kingine.

Alipougua aliniomba watoto wasijue. Aliogopa wataona maisha yake yote yalikuwa uongo. Nikamwahidi. Wewe ulipoleta uzi wa zambarau badala ya buluu nilijua umekuwa yeye, nikakupa vifungo. Nilifikiri nakulinda.

Habari ya kukohoa nimeiacha. Umesema sahihi ni kuona, nami nimekaa na neno hilo tangu barua yako ifike. Babu yako angekuogopa. Mimi najivunia, nakuambia wazi. Ila mama yako bado asijue, ahadi ni ahadi.

Mkeo


14 Oktoba

Mke wangu,

Shikamoo, na mama shikamoo. Nilichelewa kwa makusudi. Sikutaka kukuandikia nikiwa sina jibu.

Barua yako naitembeza mfukoni. Nilipoisoma mara ya kwanza nilitoka nje nikazunguka mtaa, nikawa naangalia kila ukuta nikijiuliza nani alichagua.

Baraza lilikaa mara mbili. Mara ya kwanza hawakuelewana. Mmoja alisema itakuwa mfano mbaya. Leo asiyeona rangi, kesho asiyejua majani. Mama Buti akamjibu kwamba asiyejua majani wapo tayari, na wana vyeti. Mara ya pili niliitwa na mimi. Waliniuliza kwa nini nimejisema mwenyewe wakati nilikuwa na nafasi ya kurudia kimyakimya. Nilitaka kutoa hotuba niliyoiandaa, ikanipotea. Nikasema tu, "Nilizikanyaga bendera zangu. Sitaki kukanyaga za watu."

Wameamua hivi. Napewa mtihani mwingine, na msomaji wa rangi ninayemchagua mwenyewe. Yeye anasoma rangi tu, bila kunieleza maana yake. Mimi ndiye ninayeamua wapi pa kuchimba, kina gani, na yale aliyoyasoma yanasema nini. Nikifaulu napata cheti kamili, kwa sharti moja: kila ripoti yangu iwe na jina la aliyesoma rangi, na sahihi yake pembeni ya yangu. Bila jina hilo ripoti haipokelewi.

Nimefaulu. Mama Buti alinipa mkono wenye matope, akasema mstari wangu ni mzuri kuliko anaouona kwa wenye macho. Nikababaika, nikasema marahaba. Yule mama ni rika lako, Bibi, hebu fikiri nilivyoona haya.

Wiki iliyopita nimetoa ripoti yangu ya kwanza. Nakutumia nakala ya ukurasa wa mwisho. Juu ni mimi. Chini yangu imeandikwa "Aliyesoma rangi," na jina lake huyo wa majani, kwa herufi kubwa sawa na langu. Alipomaliza kutia sahihi nilimuuliza jambo jingine ambalo halihusu udongo. Amekubali, ila anasema lazima kwanza mke mkubwa atoe ruhusa. Tutakuja mwisho wa mwaka.

Habari za babu ni zako. Mama hatazisikia kwangu.

Mumeo, mwenye cheti


6 Novemba

Mume wangu,

Marahaba, na hongera, na hongera tena. Mlete mke mwenzangu. Ruhusa nimetoa, ila ajue chumba cha mbele ni changu. Mama yako ameanza sweta jingine, la huyo binti, na safari hii anataka vipimo vya mikono kwa maandishi.

Ule ukurasa nimeusoma pale mlangoni nikiwa nimesimama. Nilifika kwenye "Aliyesoma rangi" nikakaa chini. Nimelia, mume wangu, machozi ya kweli, na si ya kola. Nimeishi na babu yako kwa mapenzi, sikumdai kitu. Lakini sikujua kama kazi ile ina jina. Wala sikujua kuna mahali huandikwa.

Mama yako akanikuta hivyo. Akachukua ukurasa, akausoma, akauliza kwa nini ripoti yako ina watu wawili. Nilikuwa na uongo wa kutosha wa kumpa, ninao wa miaka mingi umekunjwa vizuri. Nikashindwa. Nikamwambia habari yako, na kwa kuwa yako haisimuliki bila ya babu yako, nikamwambia ya babu yako. Nimevunja ahadi. Nikifika kwake tutagombana huko huko, naye akishindwa hoja atacheka, namjua.

Mama yako alikasirika kwanza. Alisema sisi wote tumemfanya mgeni katika nyumba yake. Alikuwa na haki. Kisha akaniuliza, "Nyumba zipi?" Nikasema nyingi zimepakwa upya. Akasema tuvae viatu.

Tukatoka, mimi na fimbo, yeye kanishika mkono. Zahanati si yetu tena, wameipaka nyeupe ya hospitali. Shule nayo basi. Lakini lile duka la vipuri vya baiskeli karibu na stendi halijaguswa, lina manjano yake ya zamani na mkanda wa buluu chini. Nilimchagulia manjano yale kwa sababu upande ule hauna jua asubuhi. Mama yako akaingia ndani akamuuliza mwenye duka nani alimpakia ukuta. Mzee yule akamtaja babu yako, akatikisa kichwa, akasema mafundi wa sasa hawajui, yule mzee alikuwa na jicho.

Mama yako akanisogeza mbele, pale mlangoni mbele ya wateja, akamwambia, "Jicho lenyewe ndilo hili, limesimama hapa."

Mwenye duka hakuelewa. Mama yako akavuta stuli, akanikalisha, akaanza kumweleza tangu mwanzo, na watu wakasogea kusikiliza.

Bibi yako